Makao ya Wazee Ambayo Sitaki Kuhamia

Jumamosi, 27 Julai

Mama yake Lay Choo, Bi Ooi, bado yupo. Alikuja kutoka Taiping eti kumsalimia binti yake, na sasa nguo zake zimejaa kabati la sebuleni. Magoti yake hayapandi ngazi, kwa hiyo analala kwenye kochi. Kila akigeuka kochi linalia, na kila likilia Lay Choo, mkwe wangu, anautazama mlango wa chumba changu. Chumba pekee cha chini. Dirisha lake linaelekea barabarani, naona nani kanunua nini. Sikitoi.

Leo nimecheza karata yangu. Katikati ya chakula cha jioni nikaweka vijiti vyangu vya kulia chini, nikasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha: mimi ni mzigo, nipelekeni makao ya wazee, Bi Ooi achukue chumba changu.

Mtu yeyote aliyelelewa vizuri anajua kinachofuata. Mtoto anakataa. Mzee anashikilia. Mtoto anakataa tena, sauti inatetemeka. Mzee anashikilia kidogo. Mara ya tatu mtoto analengwalengwa na machozi, mzee anakubali kubaki kwa shingo upande, na habari hiyo haizungumzwi tena mpaka msiba. Baba yangu alifanya hivyo. Babu yangu naye.

Boon Hai, mwanangu wa kumzaa, akameza samaki wake akasema, "Sawa, Baba, kama umeshaamua."

Sawa! Mara ya kwanza tu! Ndiyo faida ya kusomesha mtoto Melbourne. Kabla sijafunga mdomo, Lay Choo alikuwa ameshapiga simu sehemu mbili.

Jumapili, 28 Julai

Tumekwenda kuangalia makao ya kwanza, mtaa wa Pulau Tikus. Bi Ooi naye kaja, anasema anataka kunyoosha miguu. Miguu ile ile isiyopanda ngazi!

Pabaya kweli. Nimefurahi sana. Mikojo na mafuta ya kuchua vinashindana puani, televisheni inapiga kelele na hakuna anayeitazama. Bibi mmoja alinishika shavu akaniuliza nilikuwa wapi miaka yote na kwa nini sikuacha hata hela ya mboga. Wauguzi wakaniangalia vibaya.

Nilimlalamikia meneja kwamba uji wao ni maji matupu. Akajibu kwamba uji, mzee wangu, ndivyo ulivyo. Nikamwambia Boon Hai kwamba mtu huyu ana dharau, hapa hapanifai. Akakubali. Bi Ooi alikuwa anamalizia bakuli la pili.

Jumanne, 30 Julai

Makao ya pili. Jengo jipya la ghorofa, linatazama bahari. Vyuma vya kushikia bafuni, daktari yupo, shuka zimenyooka. Hapanuki chochote kabisa. Nikasema mahali pa wazee pasiponuka pana jambo panaloficha. Lay Choo akaniambia, "Baba, juzi uliwakataa kwa kunuka."

Ana kumbukumbu mbaya sana yule mwanamke. Mbaya kwangu, maana yake.

Niliokolewa na tangazo mlangoni: duriani haziruhusiwi ndani, eti tunda hilo harufu yake ni kali mno. Msimu wenyewe huu! Nilimwuliza yule msichana wa mapokezi kama wanaozuiwa duriani wanazikwa hapo hapo au wanasubiriwa wafe kwanza. Boon Hai, ambaye anaweza kula duriani tatu akiwa amesimama, alilisoma tangazo mara mbili, kisha akatoa funguo za gari. Hapo nilimpata.

Alhamisi, 1 Agosti

Nimepata akili. Jumapili mwezi wa mizimu unaanza. Milango ya kuzimu inafunguliwa, na hakuna Mchina mwenye akili timamu anayehama nyumba mwezi huo. Kazi yangu ni kusogeza siku tu.

Kwa hiyo mgongo umeniuma tangu asubuhi. Nililala nikiguna. Kumbe Lay Choo naye anaijua kalenda: akasema basi tuwahi, Jumamosi tunaangalia makao ya tatu na jioni hiyo hiyo nahamia. Kisha akamtuma mama yake anichue. Bi Ooi ana mikono ya mpiga mieleka. Amenikanda huku akinisimulia tamthilia yake ya Hong Kong, yule mke wa pili anayetia kitu kwenye supu. Nimepona bila kupenda.

Jumamosi, 3 Agosti

Makao ya tatu, Ayer Itam. Nimejipalia makaa mwenyewe. Nyumba ndogo ya chini, ua wenye kivuli, kuku wanazunguka, jikoni panakaangwa vitunguu saumu. Barazani wazee wanacheza majong, wakigonga vigae mezani, na kutukanana kwa afya njema. Nafasi moja tu imebaki. Nilitafuta kasoro mpaka jasho likanitoka. Nikasema kuku wana huzuni.

Boon Hai alikuwa ameshatoa kalamu. Ndipo Bi Ooi akanigeukia, akasema kwa kasauti kadogo, "Mkwe, hapana. Baki na chumba chako. Mimi ni mgeni tu, acha nije huku mimi."

Nikaganda. Sauti ile naijua, ni yangu! Sasa nifanyeje? Nikikataa, chumba kimekwenda. Nikikubali, mimi ndiye mwanamume aliyempeleka mama wa watu mwenye magoti mabovu kulelewa na wageni. Nikakataa kwa heshima. Akashikilia. Nikakataa tena, kwa chini chini. Akashikilia. Kila mtu akaningoja.

"Sawa, mkwe," nikasema, "kama umeshaamua."

Boon Hai akatazama viatu vyake. Lakini chumba ni changu. Nimeshinda!

Jumatatu, 5 Agosti

Bi Ooi kahama leo, katikati ya mizimu. Ni Mmethodisti, anasema mizimu haimhusu. Nilidhani atalia. Alishuka kwenye gari akaenda moja kwa moja kwenye meza ya majong, na kabla mkoba wake haujaingizwa ndani alikuwa anamtukana mtu.

Alhamisi, 8 Agosti

Nyumba imetulia. Nzuri. Sufuria ya supu inatoka kila jioni kwenda Ayer Itam, mimi napata iliyoshika chini. Lay Choo ananijibu ndiyo na hapana. Leo nimewasha ile tamthilia. Mke wa pili yuko hospitali, sijui kwa nini, na hakuna wa kumwuliza. Nimekaa dirishani. Jirani kanunua feni. Nilitaka kumwambia mtu.

Nina upweke. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma.

Jumapili, 11 Agosti

Tumekwenda kumtembelea. Kanenepa. Mwalimu mstaafu mmoja, Bwana Yeoh, anamfungulia duriani na kumchagulia vipande vinono. Bi Ooi aliniambia, bila kuinua macho, nisogee, namzibia upepo.

Matroni akaninong'oneza kwamba mwezi wa mizimu ukiisha kitapatikana chumba cha mwanamume. Nikamjibu kwa sauti, ili Boon Hai asikie, kwamba siwezi kuja mahali kama hapa hata kidogo.

Mpango umekamilika. Kesho mezani nitaweka vijiti chini na kuapa kwamba sitoki nyumba hii hata nibebwe. Watanisihi nihamie kule. Nitakataa. Watanisihi tena. Mara ya tatu nitakubali, kwa shingo upande. Nguo nimeshazipanga kwenye begi.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimeapa. Tena kwa ufundi, nikapiga na meza.

Boon Hai akameza mboga yake akasema, "Sawa, Baba." Lay Choo akaanza kulia. Akanishika mkono, akasema walidhani kweli nataka kuondoka, kwamba sina raha kwao, na kwamba hatalitaja jambo hilo tena maisha yake yote. Halafu akanipakulia supu ya juu, yenye nyama.

Ilikuwa tamu. Karibu nilie na mimi.

Lakini bado kuna njia. Kesho asubuhi nitawaambia nimefurahi mno kubaki hapa. Nitasema taratibu, nikitazama chini. Mtu yeyote aliyelelewa vizuri atanielewa.