Siku Idara Yetu Ilipovuka Nukta

Umma unaarifiwa kwamba Idara ya Vibali vya Mabango, ambayo mimi nilikuwa Naibu Mkurugenzi wake kwa miaka tisa bila kukosa hata kikao kimoja chenye chai, ndiyo idara ya kwanza kuvuka kisayansi. Wapo waliovuka mito, wapo waliovuka mipaka. Sisi tulivuka nukta. Naeleza ilivyokuwa ili watu wenye wivu wasije wakapotosha.

Mwaka huo tulipokea mtambo. Ulikuwa na ukubwa wa kabati la nguo, taa tatu za kijani, na mlio wa mtu anayetafuta kupiga chafya. Kazi yake ilikuwa kusoma maombi ya wenye biashara wanaotaka kutundika mabango, kuhakikisha bango halizibi taa za barabarani, na kutoa jibu. Kila ombi, sekunde moja. Mheshimiwa Mkurugenzi alikata utepe, akaukata tena kwa ajili ya picha, kisha akatangaza kwamba zama za binadamu pale idarani zimekwisha.

Binadamu aliyekuwa akisemwa aliketi kiti cha nyuma akimenya chungwa. Tulimwita Mama Faili. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amepokea maombi yote dirisha namba mbili, akiwa na sanduku la kadi, rula na mhuri mmoja. Neno "mchakato" alikuwa hajawahi kulitamka. Mtu akifika anamwuliza, "Bango lako lina urefu gani, mwanangu?" Anafungua sanduku, anaangalia kadi ya mtaa husika, anagonga mhuri, mtu anaenda zake. Kwa jicho la utawala bora, ilikuwa aibu tupu.

Tungemstaafisha wiki ileile, ila wakubwa wa makao makuu waliotupatia mtambo walitaka kwanza mtafiti wa nje athibitishe kwamba unafanya kazi haraka kuliko yeye. Wakatuletea Injinia, mwanamke wa makamo, mpole, mwenye viatu vya raba. Alikaa wiki mbili kwenye kiti cha plastiki, saa ya kupimia muda mkononi, akiandika. Hakuomba posho wala chai. Hilo lilinitia shaka mapema.

Siku ya kutoa matokeo alibandika karatasi kubwa kwenye ukuta wa chumba cha mikutano.

"Kimo cha mstari ni muda," alisema. "Ukienda kulia, mafaili yanaongezeka. Mstari huu unaoanzia chini na kupanda ni wa Mama. Dakika nne kila faili. Huu mwingine unaanzia juu halafu unakwenda karibu bapa. Ni mtambo. Ukiwashwa asubuhi unachukua saa tatu kuamka. Unajikagua, unasoma kumbukumbu zote upya, halafu unakagua kama ulijikagua vizuri."

"Na Mama Faili anachukua muda gani kuamka?" aliuliza Mheshimiwa.

"Yeye anafika ameshaamka."

Mtu mmoja alicheka. Tuliandika jina lake.

"Kwa kweli mngeweza kuuacha mtambo umewaka usiku kucha," Injinia akaendelea, "na tatizo lingeisha."

Wote tukatazama ukutani. Waraka wa kuzima vifaa vyote saa kumi jioni ulikuwa na sahihi ya Mheshimiwa mwenyewe, na cheti alichotunukiwa kwa waraka huo kilining'inia ukutani, juu kidogo ya kichwa cha Injinia.

"Endelea na mambo mengine," nikamshauri kwa upole.

Akaweka kidole mahali mistari miwili ilipokatana. "Hapa ni mafaili arobaini na tano. Chini ya hapo, Mama anamaliza kwanza. Juu ya hapo, mtambo unamwacha mbali. Hii tunaiita nukta ya mvuko, na iko kila mahali. Kwenye fizikia, nguvu iliyokuwa haionekani inakua polepole mpaka inaipiku ile kubwa. Kwenye kompyuta, njia ya kawaida kabisa inaishinda njia ya kijanja mpaka kazi iwe nyingi. Hakuna aliye bora moja kwa moja. Inategemea uko upande gani wa nukta."

"Na sisi tuko upande gani?"

"Mnapokea maombi kumi na tisa kwa siku, mheshimiwa. Mama anakuwa amemaliza saa tatu na robo asubuhi. Saa hizo mtambo bado unajikagua."

Mheshimiwa alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kwa hiyo bado hatujavuka."

"Bado. Ila hamna haja ya..."

"Tutavuka!" akasema, akaipiga meza mpaka vikombe vikahama.

Ndipo ilipoundwa Kamati ya Mvuko, na uenyekiti nikapewa mimi. Kazi ilikuwa moja: kuifikisha idara ng'ambo ya arobaini na tano. Mjumbe mmoja alipendekeza tuwahamasishe wananchi wapende mabango. Mwingine akataka kila mwombaji aje na shemeji yake. Mimi, kwa unyenyekevu, ndiye niliyegundua kwamba bango, ukilitafakari kwa kina, si kitu kimoja. Kuna ubao. Kuna rangi. Kuna maandishi, kuna misumari, kuna ukuta unaopigiliwa hiyo misumari. Kuna kivuli kinachoangushwa na bango. Na kuna upepo unaopita nyuma yake, ambao mpaka siku ile ulikuwa unapita bila kibali chochote.

Kila kimoja kikapewa fomu yake, na maombi kumi na tisa yakawa mia moja thelathini na matatu. Tulivuka Jumatatu. Mtambo uliamka saa tano, na saa tano na dakika mbili ukawa umemaliza kila kitu. Nilimpigia hesabu Mama Faili: angehitaji karibu saa tisa. Tukamhamishia stoo, akalinde viti vilivyovunjika.

Injinia alikuja juu. "Lakini wiki iliyopita alikuwa akiwahudumia watu hawahawa saa tatu na robo!"

"Wiki iliyopita yalikuwa mafaili kumi na tisa," nikamfafanulia. "Hulinganishi vitu visivyolingana. Wewe ni mwanasayansi."

Alikusanya karatasi zake, akatoka. Nadhani hoja ilimwingia.

Ilibaki hatua moja ndogo. Jibu la mtambo haliwezi kumfikia mwananchi hivihivi, kama matokeo ya mpira. Lazima uongozi ulipitie. Kwa hiyo vibali vya ubao, rangi na maandishi vilikuja mezani kwangu, na vile vinne vilivyobaki, ambavyo ni vya kimkakati, vilikwenda kwa Mheshimiwa. Tulisaini kwa bidii, siku ambazo hakukuwa na vikao.

Wiki ya nne akaja fundi wa kuchomelea. Mikono yake ilikuwa na madoa ya moto, na alishika karatasi saba kama mtu aliyeshika karata mbaya.

"Naibu, shikamoo."

"Marahaba. Hongera, naona vyote vimetoka."

"Vimetoka. Hebu nisomee hapa chini."

Nikamsomea. Kibali cha rangi kilisema kitaanza kutumika baada ya vibali vingine sita kuanza kutumika. Cha misumari nacho kilisema hivyohivyo. Cha upepo pia.

"Sasa kipi kinaanza?" akauliza.

"Vyote vinaanza kwa pamoja, baada ya kila kimoja kutanguliwa na vingine."

Akaziweka karatasi mezani, akanieleza. Karakana yake ilikuwa nyuma ya jengo la ghorofa nne, mahali ambapo bila bango mteja haoni kitu ila bomba la maji machafu. Alikuwa ametundika bango kwa kuhisi kwamba vibali saba vinatosha, na askari wa jiji wakalikata na kuondoka nalo pamoja na ngazi. Wateja wamehamia kwa jirani. Mafundi wake wawili amewaambia wabaki nyumbani. Mkewe ameanza kumwuliza maswali kwa sauti ya chini, akasema, na hiyo ndiyo sauti mbaya.

Nikamshauri aombe kibali cha nane, cha kuunganisha vile saba. Akauliza stoo alikohamishiwa Mama Faili iko wapi.

Kwa ajili ya usalama wa idara nilimfuata, nikasimama nje ya mlango wa stoo nikisikiliza. Ndani, Injinia alikuwa tayari ameketi na Mama Faili katikati ya vile viti, kila mmoja kwenye kiti chenye miguu mitatu. Fundi aliwaeleza yote. Injinia akatoa ile grafu, akamwonyesha jinsi mambo yalivyoanza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekiri kosa.

Fundi akaielewa mara moja. Nilishangaa, sisi ilituchukua vikao vitatu.

"Mbona hata mimi ninayo hii," akasema. "Nikiwa na chuma kimoja cha kukata, nachukua msumeno wa mkono. Kuvuta waya, kufunga jiwe la kukatia, kuvaa miwani, vyote vya nini? Lakini vikiwa thelathini, natoa mashine. Ila sijawahi kukata chuma cha mteja vipande thelathini ili mashine yangu ionekane ina kazi!"

"Mimi ndiye niliyewachorea," Injinia akasema. "Nimekunyang'anya bango, na mama nimemleta huku stoo."

"Umechora vizuri, mwanangu," Mama Faili akasema. "Ila umepima nusu. Umepima mpaka faili linapotoka kwenye mtambo. Nani anakuja hapa kutafuta faili? Pima kutoka mtu anapoingia mlangoni mpaka anapotoka na karatasi ya kufanyia kazi. Halafu hiyo karatasi yako usiwape hawa. Wapelekee waliokutuma."

Niliondoka kwa kunyata, nikiwa nimefurahi. Utafiti zaidi ni heshima zaidi.

Baada ya siku kumi, waliotupatia mtambo wakamleta Mkaguzi kutoka makao makuu. Alikuwa mzee mfupi aliyeongea kama mtu anayehifadhi pumzi. Mheshimiwa alimpokea kwa hotuba ya dakika arobaini juu ya mvuko. Mkaguzi alingoja mpaka mwisho.

"Mtambo unamaliza saa tano na dakika mbili," akasema. "Kibali mwananchi anakipata lini?"

"Baada ya siku kumi na tisa," nikajibu kwa fahari, kwa sababu mwezi uliotangulia zilikuwa ishirini na tatu.

"Hizo siku kumi na tisa zinakaa wapi?"

"Kwa uongozi."

Akamgeukia Injinia. "Unaweza kuniongezea mstari wa uongozi?"

Tayari alikuwa nao. Akafunua karatasi mpya, ndefu kiasi kwamba ilibidi akanyage kiti kuibandika. Chini kabisa, karibu na sakafu, mstari wa Mama Faili na mstari wa mtambo ilikuwa imekatana kama nyuzi mbili ndogo. Halafu ukuta mtupu. Halafu, kule juu karibu na dari, mstari mwekundu ulionyooka peke yake.

Mheshimiwa alisimama. Machozi yalimlengalenga, na mimi nikatoa leso.

"Ule wa juu kabisa," akauliza kwa sauti nyembamba, "ndio sisi?"

"Ndio nyinyi," Injinia akasema.

Tukapiga makofi. Tulipiga mimi na Mheshimiwa tu.

"Mheshimiwa," Mkaguzi akasema, "kwenye grafu hii, kuwa juu ni kuchelewa."

Makofi yakaisha, yangu yakiwa ya mwisho.

"Unakatana na ile mingine wapi?" Mkaguzi akauliza tena.

"Haukatani popote," Injinia akajibu. "Nimejaribu faili moja, kumi, mia, elfu kumi. Hakuna idadi ya mafaili ambayo uongozi unakuwa njia ya haraka. Nilichopata ni kwamba uongozi ukiondolewa, muda wa kila njia unapungua."

Mkaguzi alifunga daftari lake. Hakupaza sauti, na ningependa angepaza.

Barua za makao makuu zilikuja Ijumaa. Fomu saba zilirudi kuwa moja. Mama Faili akateuliwa Msimamizi wa Idara. Alikataa ofisi ya Mheshimiwa, akasema ina zulia na yeye ana mafua, akarudi dirisha namba mbili na sanduku lake. Mtambo haukutupwa, alisema ni mzuri ukipewa kazi inayoufaa, na siku za wingi utawashwa. Mheshimiwa amepewa kiti mlangoni. Kila asubuhi anahesabu watu kwenye foleni, na wakizidi arobaini na tano, anatakiwa abonyeze kitufe cha kuwasha mtambo. Jana alifika ishirini na mbili. Alinyanyuka kidogo, akakaa.

Mimi nimewekwa dirisha namba tatu, kupokea maombi. Natumia dakika kumi na moja kwa faili moja. Injinia amenipima, akanieleza bila kunificha kwamba mtambo unanipita kuanzia faili la kumi na saba. Kwa hiyo kila siku, nikifika la kumi na sita, Mama Faili ananyoosha mkono na kuyachukua yaliyobaki mezani kwangu.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa yule fundi. Nilikosea tarehe, nikagonga mhuri kichwa chini, nikaugonga tena. Mama Faili alisimama nyuma yangu akihema kwa uvumilivu. Mwishowe nikamsukumia fundi karatasi yake.

Akaisoma. Akaigeuza nyuma. Akaangalia mezani, akainama akaangalia chini ya meza.

"Nyingine sita ziko wapi?"

"Ni hiyo tu."

"Naibu, una uhakika? Nikalitundike leo?"

"Leo."

Alibaki amesimama, karatasi mkononi, kama mtu anayengoja aitwe arudishwe. Halafu akatabasamu, akaikunja mara mbili, akaiweka mfuko wa shati na kuufunga kifungo. Katika miaka tisa, ilikuwa mara yangu ya kwanza kumpa mtu kibali mkononi. Nilihisi kitu kifuani ambacho hakimo katika kanuni za utumishi. Nikanyoosha tai, nikasimama, nikafungua mdomo niseme maneno machache ya kihistoria.

Mama Faili akaniwahi.

"Anayefuata!"