Kisu cha Mrusi na Mbuzi wa Akika

Leo nimevuliwa nguo mbele ya wakwe zangu. Kanzu nilikuwa nimevaa, tena mpya, nimeishona kwa mkono wangu mwenyewe. Lakini nguo nimevuliwa.

Ndugu zangu wa Kabambare, nawaandikia mbiombio kwa sababu baba mkwe anarudi huko kesho kwa kamyo ya mizigo, na mdomo wake mnaujua. Afadhali mnisikie mimi kwanza. Barua hii anayo dereva wa kamyo hiyohiyo, kwa hiyo isomeni upesi, mzee akiwa bado anashusha mizigo.

Mnakumbuka yaliyonipata Idi ya kuchinja iliyopita. (Msijifanye hamkumbuki.) Kisu kilikuwa butu. Nikakata, nikainua mkono, nikarudia, nikainua tena. Mwalimu wa msikiti wetu akasema nyama ile ana shaka nayo, yeye hali. Asipokula yeye, nani atakula? Yote ikaenda kwa majirani zetu Wakatoliki, ambao mpaka leo wananiuliza Idi nyingine ni lini. Tangu siku hiyo naitwa Baba Kibudu. Mimi, fundi cherehani ninayewashonea makarani wa serikali!

Basi juma lililopita mke wangu Zaina akajifungua mtoto wa kike, mtoto wetu wa kwanza. Wazazi wake wakaja kutoka kwenu kwa ajili ya akika, yaani leo, siku ya saba: mtoto ananyolewa, anapewa jina, na baba yake anachinja mbuzi. Baba yake ndiye mimi. Juzi baba mkwe akaniita pembeni.

"Mukwe, sikia. Ukiharibu na mbuzi hii, mimi narudi na Zaina na mutoto. Watakaa kwangu mpaka arobaini iishe. Mwanaume asiyejua kuchinja, binti yangu atakula nini kwake? Majani ya sombe tupu?"

"Sitaharibu, baba."

"Tutaona."

 Tangu juzi nikimwangalia mtoto (vidole vyake, jamani, kama punje za mtama) namwona yuko juu ya kamyo. Nikaapa kwamba safari hii kisu hakitaniangusha.

Leo asubuhi, yule Mgiriki mwenye duka hapa kwetu alipolifungua tu, mimi nilikuwa mlangoni. Nilikuwa nimesikia ana visu vitatu vya Urusi. Aliviacha kwake Mrusi mmoja aliyekuwa akipima ardhi kule kwenu, upande wa dhahabu, kabla hajarudi Ulaya. Si vile vya kukunja. Ni visu vizima, chuma kimoja kutoka ncha mpaka ndani ya mpini, kila kimoja kimelala ndani ya ala yake ya ngozi. Kwenye bapa kuna maandishi yasiyosomeka. Herufi moja ilikuwa R iliyogeuka kutazama nyuma, kama mtu aliyeitwa.

"Iko chuma ya baridi," Mgiriki akasema. "Kule kwabo maji inakuwa jiwe. Hii kisu haiogope kitu."

Mimi niliogopa kwa niaba yake. Nikaanza kuvipima.

Nikaviinua kimoja kimoja, nikafumba jicho, nikaangalia kama vimenyooka. Vimenyooka. Nikatikisa mipini. Haichezi. Nikavigonga kwa ukucha: cha kwanza kikaimba, cha pili kikakohoa, cha tatu kikaimba mpaka nikasahau nilichokuja kufanya. Nikakipitisha cha tatu kwenye mkono wa kushoto. Nywele zikaanguka zote, bila hata kukwaruza ngozi.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angelipa, akasema asante, akaenda nyumbani kwake.

Lakini mimi sikulipa. Je, kama ni bahati tu? Nikarudia mkono wa kulia. Nikalinganisha na cha kwanza, kwenye mguu. Nikakirudia cha tatu kwenye mguu wa pili. Nywele za mwili zikaisha, wasiwasi haukuisha. Nikakumbuka kwamba ndevu ni ngumu zaidi. Nikajipaka mate shavuni, nikapitisha. Shavu zima la kushoto likabaki tupu! Ndevu nilizozilea miaka mitatu!

Mgiriki akaegemea meza. "Weye nanunua kisu, ao nafungua kazi ya kinyozi?"

Watu walikuwa wamejaa mlangoni. Kati yao alikuwepo mzee mmoja aliyekuwa askari zamani, wa wale wasiopitwa na jambo. Akasema kwa sauti:

"Nywele si kitu. Hata chupa inanyoa. Chuma ya kweli inakata chuma!"

Jamani, kwa nini nilimsikiliza? Kwa sababu nilikuwa na hofu, na mwenye hofu humsikiliza kila mtu. Nikaomba msumari na nyundo. Nikauweka juu ya jiwe la mlangoni, nikaweka juu yake kile kisu cha tatu, nikakipiga kwa nyundo, ta! Msumari vipande viwili! Watu wakapiga makofi. Nikakata na wa pili. Nikakata utepe wa bati uliofunga sanduku la sabuni. Mzee akasema na mfupa tujaribu. Ukaletwa mfupa wa paja la ng'ombe, nikaukatakata kama muhogo. Kisu hakikupinda. Hakikuvunjika. Mpini haukusogea hata unywele.

Nililia kidogo. (Vumbi lilikuwepo pia.) Nikalipa, nikakirudisha kisu ndani ya ala, nikaifunga vizuri, nikaificha chini ya kanzu.

Makali sikuyaangalia tena. Ya nini? Si yalikuwa yamefaulu?

Na nyumbani sikukitoa. Ninyi mnajua adabu yetu: mbuzi haonyeshwi kisu, wala kisu hakinolewi mbele yake. Na mbuzi alikuwa amefungwa pale uani tangu alfajiri, anatazama kila kitu. Kwa hiyo kisu nikakikalia kimya mpaka saa yake. Mara moja katika maisha yangu nikafuata adabu yote, na ndiyo iliyonimaliza.

Wageni wakajaa uani. Baba mkwe akaniangalia shavu la kushoto, akaniangalia la kulia, akamgeukia mkewe.

"Mama Zaina, si tulikuja kunyoa mutoto? Mbona wameanza na baba?"

Wakacheka. Nikacheka nao. Nilikuwa na dawa yao chini ya kanzu.

Mbuzi akalazwa, akaelekezwa kibla. Watu wawili wakashika miguu. Nikapiga magoti. Nikasema moyoni: tulia, kimekata msumari. Nikafungua ala taratibu, nyuma ya mgongo, mbuzi asione.

"Ngoja kwanza," Mwalimu akasema. "Lete nikione. Ile ya mwaka jana sijaisahau."

Nikampa kwa furaha. Akakipitisha kidole gumba kwenye makali.  Akakirudisha kidole, polepole. Halafu akachukua jani la mgomba tulilotandika kwa ajili ya nyama, akalikata.

Jani halikukatika. Likajikunja.

Akajaribu tena. Likachanika kwa kuvutwa, kama kitambaa kibovu. Akakiinua kisu juani ili watu wote waone. Makali yalikuwa na mapengo, moja, mawili, matatu, na palipokosa pengo palikuwa pamelala.

"Fundi," akasema, "hii ni kisu ao ni musumeno?"

"Mwalimu, ni cha Urusi!" Sauti yenyewe ilinitoka kama ya mbuzi. "Nimekipima! Kimekata msumari! Kimekata misumari miwili!"

Mwalimu akamtazama mbuzi. Akanitazama mimi.

"Na huyu mbuzi wako, iko na misumari mu shingo?"

Mungu wangu. Kicheko kilichopigwa pale, nadhani na ninyi huko mlikisikia. Mmoja wa walioshika miguu akaiachia. Mbuzi akainuka nusu. Majirani zetu Wakatoliki, waliokuwa wamekaa karibu na uzio na sahani zao tayari, walicheka kwa matumaini makubwa.

Nikasema kwa haraka, "Nipeni kinoo, nitakinoa sasa hivi!"

"Mbele ya mbuzi?" watu wote wakapiga kelele kwa pamoja.

 Mama mkwe alikuwa anamenya vitunguu. Akakifuta kisu chake kwenye khanga, akampa mumewe. Kisu cheusi, kifupi, mpini umefungwa kamba, alichofuliwa na mhunzi wa kijijini kwao kutokana na chuma cha kamyo iliyokufa. Baba mkwe akapiga magoti mahali pangu. Bismillahi, Allahu akbar, mara moja tu. Mwalimu akasema, "Hii nitakula, tena nitaongeza."

Mimi nilipewa mguu wa nyuma nishike.

Mnafikiri yakaishia hapo? Mtoto akaletwa anyolewe. Wembe mpya, maji ya vuguvugu, nywele zake laini zikaanguka kwenye kitambaa. Hakulia hata kidogo. Nami nilikuwa namtazama, ndipo baba mkwe akasema, "Mwalimu, na baba mumumalizie, asitembee nusu." Wakanikalisha pale pale, karibu na binti yangu, wakaninyoa shavu la pili. Mimi ndiye niliyelia.

Nilimfuata baba mkwe alipokuwa ananawa mikono. Nikamwambia, "Baba, kisu kilikuwa kizuri. Ni mimi niliyekiharibu."

"Najua, mwanangu," akasema, na hakuwa amekasirika, jambo lililoniuma zaidi. "Kitu kizuri ukikipata, unakiaminia. Wewe haukuaminia kisu. Sasa wasiwasi hii yote, utailala nayo peke yako siku makumi tatu na tatu."

Nikamtazama Zaina, nikidhani atanitetea. Alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Ya kicheko!

"Nitarudi arobaini ikiisha, baba wa mutoto," akaniambia, na akanishika lile shavu jipya. "Wewe tafuta kinoo."

Ameshafunga mizigo. Wanaondoka asubuhi.

Basi ndugu zangu, somo nimelipata na sihitaji kukumbushwa na mtu. Nawaomba msicheke. Lakini ninyi nawajua, mtacheka tu. Basi mkicheka, chekeni polepole. Keshokutwa binti yangu atakuwa amelala huko karibu yenu, na mimi sitakuwepo kumbembeleza.