Sahihi Thelathini na Nne

Jumatatu, 12 Mei 2025
Namshukuru Mungu kwa afya, kwa chai ya Nerima mke wangu, na kwa kituo changu cha masomo ya ziada hapa mtaani Section 58. Tawi la kampuni ya Akili Kwanza! Wanafunzi thelathini na wanne! Nilipopunguzwa kazi kwenye shamba la maua, hiki ndicho kilichoniinua.

Leo Madam Chepngeno wa makao makuu amepiga simu. Sheria inataka kila mzazi atie sahihi kuruhusu tuhifadhi kituoni jina, picha na alama za mtoto wake. Fomu zifike Jumatano, la sivyo nanyang'anywa tawi. Kiarie, mwenye tawi la Naivasha, alipeleka zake Februari. Bila shaka. Kiarie hata soksi zake zina kibali.

Nerima ameshauri niwangoje wazazi langoni jioni wakija kuchukua watoto. Wazazi thelathini na wanne! Kila mmoja aniulize kwa nini mtoto bado hajui kugawanya. Ng'o!

Jumanne, 13 Mei
Wazo limenijia nikipiga mswaki. Asante Mungu!

Leo kulikuwa na baraza la chifu huko Njoro, kwa mama mkwe. Mtu akipokea orodha barazani hasomi. Anaandika jina, namba ya kitambulisho, simu, anatia sahihi, anampasia jirani. Nikazikunja fomu ili maelezo ya juu yasionekane, nikawaachia watu wa mbele. Dakika ishirini, zimejaa! Mzee mmoja alinishika mkono akanishukuru kwa kuwakumbuka. Sikuelewa, lakini nilimwambia karibu. Majina ya watoto nimejaza mwenyewe. Watu wa Njoro ni wema, Mungu awazidishie.

Jumatano, 14 Mei
Asubuhi nimetuma picha za fomu kwa simu. Madam Chepngeno akanisifu. Nilifurahi mpaka saa tisa.

Saa tisa akapiga tena. Kumbe huwa anawapigia wazazi kuhakikisha! Wa kwanza alikuwa mzee wa miaka themanini na mmoja. Alipoulizwa kuhusu mtoto wake wa darasa la tatu, alijibu kwamba yeye aliandikisha mifuko miwili tu. Wa pili aliuliza lori litafika lini. Wa tatu alikuwa mama mkwe. Alisema hajui mkwe wake Wasike anapanga nini safari hii, ila arudishe mwavuli wake.

Madam amesema kughushi sahihi ni kosa, na kukusanya namba za vitambulisho vya watu kwa hila ni kosa lingine. Niharibu fomu hizo, niwaombe watu msamaha. Angeweza kunifungia papo hapo. Amenipa hadi Jumamosi saa sita nilete sahihi za wazazi wenyewe. Ana moyo, mama huyu.

Alhamisi, 15 Mei
Watu kumi na wawili kutoka Njoro wamefika na pikapu ya kukodi, wameelekezwa na mama mkwe. "Boss, mbolea iko wapi?"

Mbolea! Barazani walidhani ni orodha ya mbolea ya serikali. Nikaungama. Nikajitayarisha kupigwa. Hawakunipiga! Walikaa kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa kidevu, wakanywa chai yangu yote. Mzee Kipkirui, mwalimu mstaafu, akaona ubao, akafundisha kugawanya. Watoto wakaelewa mara moja. Nashukuru, japo imeniuma kidogo.

Fomu zao nimezichana mbele yao. Nerima, bila kuniuliza, amempigia Kiarie.

Ijumaa, 16 Mei
Kiarie amefika saa tisa. Nilidhani amekuja kunicheka. Aliomba meza, kiti na kalamu mbili, akakaa langoni. Kila mzazi alisomewa fomu nzima kwa Kiswahili cha kawaida, akauliza, akatia sahihi. Dakika tatu kila mmoja. Baba mmoja wa zamu ya usiku kwenye mitambo ya umeme ya Olkaria alipitia kituoni kabla ya kwenda kazini. Hakuna aliyeniuliza kuhusu kugawanya. Watoto walikuwa wanajua!

Saa moja, sahihi thelathini na nne. Za kweli. Kiarie alikula chapati tano, akakataa hata nauli. Nililia. Nimemsema vibaya mtu huyu miaka miwili.

Jumamosi, 17 Mei
Madam amewapigia watatu. Wote wazazi! Tawi ni langu. Nimepiga magoti kwenye veranda, majirani wakitazama.

Jumapili, 18 Mei
Shukrani hazifungiwi moyoni. Nimetengeneza bango kwenye simu: picha za watoto wote thelathini na wanne, alama zao za mwezi huu, na kando ya kila mmoja jina la mzazi na namba yake ya simu, ili watu wampigie kumpongeza. Katikati, Kiarie na chapati. Nimelituma kwenye kundi la kanisa, la mtaa, la waliosoma nami, na la makao makuu.

Nerima ameuliza kama niliomba ruhusa. Jamani! Tangu lini mtu akaombwa ruhusa ya kushukuriwa?

Madam Chepngeno anapiga simu. Mara ya nne sasa. Ameguswa sana.