Kengele ya Mwisho Safari Hii Ni Yangu

Jumatatu, 18 Novemba
Wiki ya mwisho. Ijumaa darasa la saba wanaaga. Kwa desturi ya shule yetu, wanaoondoka humchagua mwalimu mmoja agonge nao kengele ya mwisho na kuwapa neno la kuwaaga. Miaka mitatu mfululizo wamemchagua Mwalimu wa Hisabati. Miaka mitatu! Mimi wa Jiografia huambiwa nishike spika. Leo nimemkuta uwanjani, watoto wamemzunguka kama kuku walioona mtama. Nikakohoa. Hakuna aliyegeuka. Wivu sina. Roho tu inaniuma.

Jumanne, 19 Novemba
Nimeigundua siri yake! Watoto humpenda anayewatumainia. Basi nimesimama koridoni kuanzia asubuhi, nikawaita mmoja mmoja. Kila mmoja nimemwambia: mwanangu, katika darasa zima tumaini langu ni wewe peke yako, ila usimwambie mtu. Monita amelengwa na machozi. Golikipa nimemtabiria udaktari. Akasema yeye anataka kuuza viatu. Nikamwambia vizuri, hata viatu vinahitaji daktari. Nusu ya darasa tayari. Koo limekauka.

Jumatano, 20 Novemba
Nimewamaliza waliobaki. Jioni nikamsimulia mke wangu. Akasema njia ya mwongo ni fupi, akaendelea kupiga pasi. Mama yangu, ambaye tunaishi naye, akaguna. Uongo uko wapi? Kila mtoto nilipomtazama usoni, nilimtumainia kweli. Hata yule anayechora ndevu kwenye ramani zangu.

Alhamisi, 21 Novemba
Kura ya kuinua mikono. Nimepita dirishani kwa bahati tu, mara nne. Mwalimu wa Hisabati: msitu wa mikono. Mimi: mkono mmoja, wa golikipa. Nikamtafuta baadaye nimshukuru. Kumbe alikuwa anaomba ruhusa ya kwenda chooni.
Sijala mchana. Mwenzangu alikula sahani mbili, nilimwona.

Ijumaa, 22 Novemba
Wazazi wamejaa hadi mlangoni. Nimeshika spika. Darasa likatoa igizo. Monita akatokea na koti kubwa, kalamu tatu mfukoni, na kikohozi. Kikohozi changu hasa! Akamvuta mwenzake pembeni: mwanangu, tumaini langu ni wewe peke yako, usimwambie mtu. Mwenzake akaruka akasema ameambiwa hivyo hivyo. Wa tatu akasimama, na mimi! Darasa zima likainuka, na mimi, na mimi! Mwalimu mkuu alicheka mpaka akavua miwani. Mke wangu, safu ya mbele, alipiga makofi akisimama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, pamoja na spika.
Kisha mwenzangu wa Hisabati akagonga kengele, yeye, na watoto wakalia. Nami nililia, nyuma ya spika.
Baadaye Mwalimu wa Hisabati akanifuata, macho mekundu. Akasema miaka yote hii hakuna mtoto aliyewahi kumwigiza hata anavyotembea. Mtoto, akasema, hajisumbui kujifunza kikohozi cha mtu asiyempenda. Wewe, akaongeza, watakukumbuka mpaka uzeeni.
Nikamtazama kwa huruma. Maskini, wivu unamla!

Jumamosi, 23 Novemba
Nimetafakari. Kosa langu nimeliona: nilichelewa kuanza. Darasa la sita nitawaita siku ile ile shule ikifunguliwa, na nitaongeza maneno: usimwambie mtu, hasa monita.
Kwenye chai mke wangu akauliza kama nimejifunza chochote. Nikamshika mkono. Nikamwambia mke wangu, katika nyumba hii tegemeo langu ni wewe peke yako, ila usimwambie mtu.
Mama akaitikia kutoka jikoni: “Na mimi!”