Taa Nyekundu ya Gari la Marehemu

Asali aliliona gari kabla hajamwona mwenye gari, na kwa mtu wa kazi yake huo ni uzembe. Lakini tumsamehe. Gari lenyewe lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba ya matofali, boneti imeachwa wazi, bampa za chuma zinang'aa, rangi ya maziwa haina hata mkwaruzo. Magari ya aina ile yamebaki ya kuhesabu, na Asali alimjua bwana mmoja ng'ambo ya mlima anayeyakodisha kwa maharusi na ambaye hana tabia ya kuuliza maswali.

Akazima pikipiki. Kando ya gari alikaa mama mmoja wa makamo kwenye stuli, anajipepea kwa kipande cha boksi.

"Shikamoo mama. Gari limegoma?"

"Marahaba mwanangu. Hata sijui. Lilikuwa la marehemu mume wangu, na yeye ndiye aliyekuwa anajua. Taa zinafifia, honi inakohoa. Mimi kazi yangu kulifuta vumbi."

Mjane, gari zuri, na hajui kitu. Asali alimeza mate. Akainama kwenye injini na kukiona alichokuwa anakitafuta: kile kisanduku cheusi cha katauti yalichokuwa yakifungiwa magari ya zamani, kuizuia altaneta, mtambo wa kufua umeme wa gari, isiipe betri umeme kupita kiasi. Akatikisa kichwa kama daktari anayetaka kuongezewa malipo.

"Pole sana mama. Gari lako bado lina katauti ya nje."

"Ni ugonjwa mbaya?"

"Unaua betri, unaua taa, mwisho unaua na gari lenyewe. Siku hizi tunafunga altaneta ya kisasa, katauti yake imo ndani kwa ndani. Haisumbui mtu. Inajitawala yenyewe."

"Kama marehemu," alisema mama. "Bei gani?"

Asali akataja bei. Mama akaikata nusu, kisha ile nusu nayo akaikata, halafu akasema atalipa kazi ikiisha na gari likishajaribiwa. Asali alilalamika kidogo kwa ajili ya heshima ya ufundi, akakubali. Malipo hayakuwa shida yake. Gari ndilo alilokuwa analitaka.

Kazi ya Asali ilikuwa na utaratibu wake, na hakuna anayeweza kusema alikuwa mvivu. Aliifungua altaneta, akaenda nayo nyuma ya kona, akaiosha kwa petroli na kuipulizia rangi ya fedha mpaka ikapendeza kuliko bibi harusi. Akairudisha palepale ilipotoka. Kisanduku cheusi hakukigusa.

"Hiki sasa hakina kazi tena, mama," alisema, akikigonga kwa kidole. "Nimekiacha kiwe pambo tu."

Yalikuwa maneno ya kweli ya kwanza kumtoka mdomoni wiki ile, na yeye mwenyewe hakujua.

Mwisho akaingia nyuma ya usukani, akapenyeza mkono chini ya dashibodi na kuchomoa balbu ya ile taa nyekundu ya chaji. Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yake. Taa ile ni mbea: mambo yakiharibika kidogo inawaka na kumsengenya fundi mbele ya mwenye gari. Asali alikuwa amezinyamazisha nyingi, na magari yale ya zamani yaliendelea na safari bila kujali. Balbu akaitia mfukoni.

"Bado kulijaribu," alisema. "Nalizungusha mara moja hapo sokoni, narudi."

"Sikukatalii, mwanangu. Lakini gari la marehemu ni kama marehemu mwenyewe. Niachie kitu cha kunituliza moyo."

Asali akavua saa.

"Hii imesimama," alisema mama.

Akashika mkufu wa shingoni.

"Huo unachubuka." Macho ya mama yakatua kwenye pikipiki.

Asali akasogea mbele ya pikipiki yake. Pikipiki ile nyekundu ndicho kitu pekee maishani alichokipata kwa jasho. Alibeba saruji ghalani miezi minane, mgongo ukakaribia kupinda, akainunua, kisha akaapa hatarudia tena ujinga wa kufanya kazi. Alikuwa akiifuta kila asubuhi kwa fulana yake mwenyewe, na hakuwahi kumwazima hata ndugu wa tumbo moja. Lakini gari lile lingenunua pikipiki kumi. Tamaa mbele, mauti nyuma, walisema wahenga, ila wahenga hawakuwahi kuonyeshwa bampa kama zile.

Akatoa ufunguo.

"Na kadi yake," alisema mama kwa upole. "Pikipiki bila kadi ni chuma tu. Utaichukua siku utakayoniletea gari langu lina altaneta mpya."

"Dakika tano, mama," alisema Asali, akimkabidhi kadi.

Sokoni hakupita kabisa. Alishika barabara ya mlimani, kiti kinanesa, yeye anapiga mluzi. Mvua ikaanza. Akawasha taa, akawasha waipa, akajiona bwana mkubwa.

Katikati ya mlima waipa zikaanza kufuta kwa kujivuta, kama zinazofanya hivyo kwa hisani. Akapiga honi kumfukuza mbuzi. Honi ikanong'ona, mbuzi akamtazama tu. Taa zikafifia, injini ikakohoa mara mbili na kunyamaza. Kwenye dashibodi hakuna kilichomwonya, kwa sababu wa kumwonya alikuwa mfukoni.

Mbele hatua chache palikuwa na gereji ya mabati. Asali alilisukuma gari huku viatu vinateleza kwenye matope, akaliingiza. Chini ya lori akachomoka mwanamke kijana mwenye ovaroli, akamwangalia, akaliangalia gari, akajifuta mikono taratibu na kutoa simu.

"Mama," alisema, "ameshafika."

Asali, aliyezoea kuwapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa, akageuka kuutafuta mlango.

"Kaa usikie," alisema yule fundi. Alikifungua kile kisanduku cheusi. Ndani hapakuwa na katauti wala waya. Palikuwa na balbu tatu ndogo zilizolazwa kwenye pamba. "Gari hili nimelibadilisha mimi mwenyewe baada ya msiba wa baba. Altaneta yake ina katauti ya ndani tangu zamani. Hii ya nje ni ganda. Sasa, altaneta ya namna hii huamshwa na umeme unaopitia kwenye balbu ya taa ya chaji. Ukiichomoa, inalala fofofo, gari linakula betri mpaka liishe. Na betri niliyomwekea mama ni kuukuu, haina pumzi ya kumaliza mlima."

"Na asiyeichomoa?"

"Huyo ni fundi mwaminifu. Analizungusha sokoni, analirudisha, mama anamlipa na chai juu. Tapeli ndiye huanza na balbu."

Akachukua balbu moja, akaichomeka, akaazima umeme kwenye betri ya lori. Taa nyekundu ikawaka, injini ikanguruma, taa ikazima. Gari lilikuwa zima kabisa.

Nje ukasikika mlio ambao Asali angeutambua hata usingizini. Mama aliingia akiendesha pikipiki nyekundu, amevaa kofia ngumu ya Asali, ameketi wima.

"Njia ya mwongo fupi, mwanangu," alisema. "Na wewe umefika mbali kuliko wenzako."

"Mama, gari lako hilo hapo. Naomba pikipiki yangu."

"Altaneta mpya iko wapi?"

Asali akaonyesha kwa kidole. Binti akaikwaruza kwa ukucha. Rangi ya fedha ikabanduka.

"Haijakauka," alisema.

"Nitakwenda polisi," alisema Asali.

"Nenda. Uwaeleze gari la mjane ulikuwa unalipeleka wapi huku mlimani, na sokoni ni kule." Mama hakupandisha sauti. "Mimi si mwizi. Nyuma ya nyumba zipo pikipiki mbili nyingine, ya bluu na nyeusi. Wenyewe bado wanatafuta altaneta mpya. Wewe nawe tafuta. Pale ghalani wanashusha saruji kila siku, nasikia wanataka watu."

Asali alitoka akasimama kwenye mvua. Alitaka kulia, na kwa kuwa mvua ilikuwa inamficha, alilia kidogo. Kisha akageuka kuondoka.

"Ngoja," alisema binti, amenyoosha kiganja. "Balbu."

Akaitoa mfukoni. Binti akaifuta kwenye mkono wa ovaroli, akailaza kwenye pamba pamoja na zile mbili, akafunga kisanduku.

"Hiyo ya nini tena?" aliuliza Asali.

"Ya mwenzako anayekuja," alisema mama.

Akaikanyaga kiki. Pikipiki ikawaka mara moja, kama ilivyokuwa ikimwakia Asali kila asubuhi.