Gundi ya Chekechea kwenye Meza ya Watu Wazima

Ndugu Mwenyekiti,
Chama cha Waunda Modeli Ndogo.

YAH: OMBI LA KUMFUTA UANACHAMA MAMA MKWE WANGU

Baada ya kukupa heshima zote unazostahili, pamoja na zile unazozidai, naandika nikiwa na akili timamu, ingawa vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto bado vimegandana.

Kama ujuavyo, mama mkwe alihamia kwetu baada ya kufiwa na mumewe, aliyekuwa dereva wa basi. Ni mimi mwenyewe, kwa ujinga wangu, niliyemkaribisha kwenye meza yangu ya modeli, ninapounda vindege vya plastiki, ili asishinde peke yake chumbani. Nikampa kiti, nikampa na msasa, mwishowe nikamwandikisha chamani. Sasa naomba chama kinisaidie kumwondoa. Sababu ni hizi:

1. Anatumia gundi nyeupe ya nyumbani. Ndiyo, ileile ambayo watoto wa chekechea hubandikia picha za kuku, na wengine huilamba. Anaipaka kwa kijiti cha meno. Nilipomweleza kwa adabu kwamba mtu mzima hutumia gundi inayoyeyusha plastiki, alinijibu, "Mwanangu, mimi nataka vishikane tu, sitaki viyeyuke." Hayo ndiyo majibu tunayopewa siku hizi, Mwenyekiti.

2. Gundi hiyo haina haraka. Akikosea, anafuta kwa kitambaa chenye maji na kuanza upya, tena huku anaimba. Mimi nikikosea, nimekosea. Kwa miaka kumi na tisa nimekosea papo hapo, bila kurudi nyuma, kama inavyompasa mtaalamu.

3. Vioo. Hapa naomba ukae chini. Ndege yangu, uliyoisifu wewe mwenyewe, imeingia ukungu madirishani kwa sababu ya mvuke wa supaglu, gundi yangu kali ya kubandikia vioo. Wageni nikawaambia rubani yuko mawinguni. Basi dogo aliloliunda yeye lina madirisha kumi na manne, yote kayapachika kwa gundi ya chekechea, na yanang'aa mpaka unaona abiria ndani. Akasema kwa upole mbele ya wageni, "Ndege ya mkwe wangu imepigwa na baridi." Wakacheka. Aliyecheka kuliko wote ni mke wangu.

4. Kamati yako, yenye watu watano na miwani minne, imeliweka basi hilo meza ya mbele kwenye maonyesho, na ndege yangu karibu na mlango wa choo. Katibu wako, fundi saa, ananiambia eti watu watalipenda basi. Fundi saa! Mtu anayeishi kwa kufungua vitu vilivyofungwa vizuri na wenzake!

5. Tukinyamaza, kesho atakuja mtu na uji wa kubandikia. Kesho kutwa watajiunga watu wanaofurahia kazi hii. Madirisha ya ukumbi yatafunguliwa, na sisi tuliopoteza uwezo wa kunusa kwa ajili ya fani tutakuwa tumeupoteza bure.

Hivyo naomba gundi nyeupe ipigwe marufuku, basi liondolewe, na mama mkwe aandikiwe barua. Isainiwe na wewe, si mimi, kwa kuwa mimi na yeye tunakula meza moja.

Nisalimie wanakamati, isipokuwa fundi saa. Msalimie shemeji, na mlinzi wa ukumbi. Mke wangu anakusalimu. Hajui kama nakuandikia. Mama mkwe naye anakusalimu sana, na anauliza mgongo wako unaendeleaje.

Wako katika fani, na katika uchungu,
Fundi Ndege,
Mwanachama Mwanzilishi.

Tanbihi: Kabla ya kuifunga bahasha nimepita ukumbini kwenye maonyesho na kioo cha kukuzia, nikalichungulia lile basi ili nikuongezee kasoro ya sita. Dereva ni marehemu baba mkwe. Nimemtambua kwa jinsi alivyoipinda kofia. Nyuma yake amekaa mama mkwe. Pembeni ya mama mkwe, upande wa dirishani, kuna bwana mmoja mwenye kipara na masikio makubwa. Ni mimi, Mwenyekiti. Kanipa kiti cha dirishani. Kwa hiyo futa kuanzia namba moja mpaka tano, na ombi lenyewe. Hilo basi lisisogezwe hata kidogo, na atakayeligusa atanijua.