Mlango wa Njano wa Chumba cha Kusomea

Jumamosi, 17 Septemba 2022
Shule imefungwa. Nilifika kwenye chumba cha kusomea cha shirika la misaada, hapa Msambweni, kabla hakijafunguliwa. Nyumbani hapasomeki: wadogo zangu, redio, wadogo zangu tena. Leo hata hivyo sikusoma. Madamu Roselyne, msimamizi, alituita sote mkutanoni. Serikali imebadilika, akasema, nasi lazima tubadilike. Kuanzia leo hatupambani tena na umaskini. Tunainua wakulima na wafanyabiashara wadogo. Mzee Kitsao, mlinzi, aliuliza kama maskini wenyewe wamearifiwa.

Ijumaa wafadhili watakuja kutoka Nairobi. Chumba kisichoendana na serikali mpya kitafungwa. Trevor, ambaye tuko naye kidato cha tatu na anajitolea ofisini kwa ajili ya waifai, alisema vitabu ndivyo vitakavyoanza kutoka. Nilikuwa na hoja nzito za kumpinga. Nikasema, "Labda."

Jumapili, 18 Septemba
Nimeelewa! Mlango wa chumba chetu ni wa buluu, rangi ya walioshindwa uchaguzini. Mgeni akiuona tu ataona upinzani. Ukiwa wa njano, rangi ya walioshinda, nani atathubutu kuufunga? Nilikwenda kwa Mjomba Matano, fundi wa rangi, nikaomba mabaki ya kopo. Akauliza ya nini. Nikasema ya kazi ya shule. Akasema shule zimefungwa. Nikasema ndiyo maana. Alinitazama sana, kisha akanipa.

Jumatatu, 19 Septemba
Madamu alikwenda Kwale kusalimiana na wakubwa wapya. Nikapaka. Mlango, fremu na, kwa bahati mbaya, kiatu cha kushoto. Mzee Kitsao alitazama mpaka mwisho, akauliza kwa upole kama nimepata kazi serikalini. Trevor ameanza kuniita mheshimiwa. Wivu.

Jumanne, 20 Septemba
Asubuhi alikuja Bi Mwanaima, mkulima wa mahindi kutoka Milalani, anasukuma wilbaro tupu. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akauliza mbolea ya bei nafuu iliyoahidiwa na serikali mpya itaanza kutolewa saa ngapi. Huku kwetu chumba cha njano kando ya barabara ni ofisi ya chama, na ofisi ya chama kilichoshinda haikosi kitu. Hilo sikulifikiria. Nikamweleza kwamba humu ndani mna vitabu tu. Akaketi.

"Hata wale waliotoka walianza hivyo hivyo, kusema hakuna," alisema. "Nitangoja, mwanangu."

Ningesema hapana. Lakini mtu mzima, na ameshaketi! Nikasema, "Inshallah." Akampigia jirani yake simu, akamwambia kijana wa ofisi ameahidi.

Jumatano, 21 Septemba
Foleni imefika barabarani. Magunia, wilbaro, watoto mgongoni. Abdulwahab muuza samaki alinivuta kando akanong'ona kwamba yeye hawa hakuwapigia kura. Je, anaruhusiwa kupanga foleni? Nikasema inshallah. Nimemgawia kila mtu kitabu asije akachoka. Trevor anawauzia viazi karai.

Kisha Madamu akarudi. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alisema wafadhili hawataki kuona hata kitambaa cha rangi ya chama. Mlango uwe mweupe kabla ya Ijumaa, na watu niwaambie ukweli. Nikasema sawa. Nikasimama mbele yao wote, nikafungua mdomo, nikawaambia karibuni.

Alhamisi, 22 Septemba
Wageni wamekuja leo badala ya kesho! Mlango nusu mweupe, nusu njano, na mimi nyuma yake na brashi. Mkubwa wao, Bi Gillian, aliiona foleni, akaona vitabu mikononi, akapiga picha. Akamwuliza Bi Mwanaima anahitaji nini. Bi Mwanaima akaeleza habari za mbolea, kwa ufasaha mkubwa, kisha akaninyooshea kidole.

Nilijua nimekwisha. Bi Gillian akanipa mkono. Alisema hajapata kuona chumba kinachoendana na serikali mpya namna hii. Hakitafungwa! Nilitokwa na machozi. Madamu pia, ila ya kwake sikuyaelewa.

Ijumaa, 23 Septemba
Simu imekuja kutoka Nairobi. Chumba kitakuwa ghala la mbolea. Mbolea yenyewe haijulikani iko wapi, lakini ghala lazima liwe tayari. Vitabu vyote vimehamishiwa kwenye kibanda cha Mzee Kitsao, chini ya turubai. Trevor amefanywa mratibu wa foleni kwa kuwa anaweza kuongea na watu. Mimi sina pa kusomea.

Nilimwuliza Madamu nilikosea wapi. Akasema hata yeye hajui tena shirika linafanya kazi gani, na akaniomba, tafadhali, nisimsaidie.

Jumapili, 25 Septemba
Kesho shule. Nimetafakari kwa utulivu na nimepata njia. Hakuna mtu atakayeweka mali ya serikali kwenye ghala lenye mchwa! Nyuma ya nyumba ya Mjomba Matano kuna kichuguu kikubwa. Alfajiri nitawamwaga mchwa ghalani, mbolea itafutiwa mahali pengine, na vitabu vitarudi salama.

Nimeshawachota, ndoo nzima. Nimeihifadhi kibandani kwa Mzee Kitsao, penye kivuli, juu ya vitabu. Nilichungulia jioni. Wengi wameshatoka ndani ya ndoo, lakini wametulia kabisa.